Bi Gidamu Anajibu: Buti za Mama Mkwe

Barua za wiki hii zimejaa kikapu, na nafasi nimepunguziwa. Mhariri amekata robo ya ukurasa wangu akampa yule bwana wa mapishi, ambaye toleo lililopita alitumia safu mbili nzima kuwafundisha watu wazima kuchemsha yai. Sisemi kitu. Twende na barua.

"Shikamoo Bi Gidamu. Mwanangu wa kwanza ana miezi 11, ameanza kusimama dede. Mama mkwe kaleta buti ngumu, anasema zitamkaza vifundo vya miguu. Dada yangu naye katuma raba nyeupe kutoka Uingereza, namba 4. Jumamosi tuna shughuli nyumbani. Nimvalishe zipi? Mama wa Kwanza, Tabata."

Marahaba mwanangu. Umefanya la busara kuniandikia mimi, si wale wanaojiita wataalamu kwa sababu wana meza na mwavuli. Nimeuza viatu vya watoto Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tangu enzi ambazo kiatu kizuri kilisubiriwa bandarini. Nilifika mahali mteja hajashuka kwenye basi, nimeshajua mwanawe anavaa namba ngapi, kwa kusikia kilio tu. Mtoto wa namba 18 hulia kwa puani. Wa 22 hulia kwa hasira, na ana haki, maana kavalishwa 20. Kipaji hiki hakirithishwi. Binti zangu nimewajaribu wote wakashindwa. Kwa hiyo ninyi wengine tumieni karatasi.

Msimamishe mtoto juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa pilikapilika za mchana. Asimame kweli, uzito ushuke. Ukimpima amekaa mapajani, mguu unakudanganya. Chora nyayo zote mbili, penseli ikiwa wima. Mara nyingi hazilingani, hivyo fuata ule mkubwa. Pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kilichotangulia. Tuseme umepata sentimita 12. Ongeza moja na ushee, nafasi ya kukua na ya vidole kusogea mbele anapopiga hatua; ndiyo ule upana wa kidole gumba ambao bibi zetu walipimia bila rula. Sasa una 13 na kitu. Zidisha kwa moja na nusu, utaangukia 20 hivi, na hiyo ndiyo namba yake kwa hesabu ya Kifaransa, ambayo kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Waingereza hawakutaka kusikia mambo ya Wafaransa. Wao walishika punje ya shayiri, yaani theluthi moja ya inchi, na kwa watoto wakaanza kuhesabu baada ya inchi 4. Ndiyo maana raba za dada yako zimeandikwa 4, na muuzaji wa Kariakoo atakwambia hiyo ni 20, mtabishana hadi adhuhuri kumbe mnazungumzia kiatu kile kile. Niliwahi kumweleza mteja mmoja hesabu hii, akanunua jozi tatu, kisha akaniomba ushauri wa ndoa. Nikampa. Mumewe hadi leo anafua.

Tulikuwa wapi? Buti.

Mama mkwe wako simlaumu. Imani ya kwamba mguu wa mtoto lazima ukazwe ilienea hadi Ulaya, na waliouza buti hawakuona sababu ya kuipinga. Lakini mguu wa mtoto wa mwaka mmoja ni dafu. Ile mifupa 26 ambayo mimi na wewe tunayo katika kila wayo, kwake sehemu kubwa bado ni gegedu, na gegedu hufuata sura ya chochote kinachoibana. Mtoto mwenyewe anaweza asilie hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari. Kinachokaza vifundo ni kazi: vidole vishike sakafu, unyayo usikie baridi ya saruji na mikunjo ya mkeka, misuli ijue wajibu wake. Ukishaufunga mguu ndani ya buti, buti ndiyo inayosimama, mtoto amepanda tu.

Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300. Nyayo bapa zilionekana zaidi kwa waliozoea viatu kuliko waliokua peku, na viatu vya kufunika vidole viliongoza kwa ubaya mbele ya ndala na makubazi. Wangeniuliza mimi wasingewasumbua watoto wote hao. (Wako usimpime unyayo sasa ukaanza kupiga simu usiku: watoto wote wa umri huo wana mafuta chini ya mguu, wanaonekana bapa, na upinde hujitokeza polepole kadiri miaka inavyokwenda.) Na yule Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku? Inasimuliwa kwamba viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Laiti ningekuwa Roma siku ile, ningemtafutia vya kumkaa, na Afrika ingekosa picha yake nzuri kuliko zote. Saa nyingine ni heri mtu usiwepo.

Ndani ya nyumba, basi, mwache peku. Kiatu cha kwanza ni cha kutoka uani. Nje kuna vigae, misumari, saruji ya saa nane mchana, na mabuu ya minyoo ya safura wanaopenya ngozi ya unyayo bila kupiga hodi. Kuna na funza, mgeni asiye na haya: alishuka pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshalivuka bara zima hadi upande wetu, akisafirishwa bure vidoleni mwa watu. Nauli hakulipa hadi leo.

Na usikimbizane na jirani ambaye wake ametembea na miezi tisa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi tano, Oman ikiwemo, na mwaka 2006 likatangaza kwamba mtoto mzima wa afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi minane na miezi kumi na saba na nusu. Nina hakika kule Oman walifika kwa wajomba zangu wa Maskati. Watoto wa ukoo wetu hutembea mapema ili wawahi kudai urithi.

Sasa zichukue hizo raba, tuzihoji. Shika ncha ya kiatu na kisigino, ukunje. Kikikunjika pale vidole vinapokunjika, kimefaulu. Kikikunjika katikati, ni soksi iliyopandishwa cheo. Kikikataa kukunjika kabisa, mpe fundi ujenzi. Kisha ingiza kidole chako hadi mbele: mshono ukikukwaruza wewe uliyekwisha osha sufuria miaka yote hiyo, fikiria ngozi ya mtoto. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, mkanyagishe mtoto juu yake. Vidole vikimwagika nje ya soli, kiatu ni chembamba, hata kama namba imekubali. Mwisho kipime mkononi. Kiwe chepesi, maana miguu yake midogo ndiyo kwanza inajifunza kujibeba yenyewe. Jaribio hili ni mali yangu. Kiwanda kimoja kilitaka kulinunua, nikakataa kwa sababu walinikaribisha chai bila kitafunio.

Cha kufungia kiwe kile cha kunata, ukifungua kinalia karaa. Kamba ni za watoto wanaojua kukaa kitako. Vya kuchomeka tu havifai: vikishakaa mguuni mwa mtoto aliyebebwa kwenye bajaji, kimoja lazima kibaki barabarani, na kila barabara ya mji huu ina kiatu kimoja cha mtoto kimelala ubavu kinamngoja mwenzake. Hiyo ya kunata aliivumbua Mswisi, George de Mestral, baada ya kutoka matembezini mwaka 1941 na kukuta mbegu za magugu zimemganda mbwa wake. Aliziangalia kwa hadubini akaona vindoana. Mimi kishonanguo kilianza kuniganda kwenye kanga nikiwa mdogo Bagamoyo, na nilikichunguza vizuri tu, kwa macho yangu haya, bila mbwa wala hadubini. Nilichokosa ni mtaji.

Mitumba nayo nakuona unavyoinong'ona. Sikukatazi kwenda Karume. Viatu vya watoto vingi hufika pale vikiwa havijakanyaga kitu, kwa sababu mguu ulivipita mapema. Vigeuze chini tu: soli iliyolika upande mmoja imeshakubali mwendo wa mtoto mwingine, na mwanao atakuja kutembea kwa mwendo wa mtu asiyemjua.

Ukiona mumeo yuko upande wa mama yake, mtafutie viatu vinavyompungua namba mbili, vikaze, kisha mpandishe mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni saa moja asubuhi, amesimama. Akirudi atakuwa upande wako, au upande wa hospitali. Hizo buti usizirudishe, utaanzisha vita. Zitie udongo, panda mchaichai, ziweke barazani mahali mama mkwe atakapoziona akija. Mwambie zimemkaa vizuri sana. Jumamosi raba zivaliwe kwa picha na kwa uani, soksi za pamba zisizoteleza, wageni wakishakaa chini umvue. Imetosha, nina barua nyingine.

"Shikamoo Bi. Mwanangu ana viatu vinavyolia pwii kila hatua, na taa nyekundu kisiginoni. Havui hata usiku. Jirani wa chumba cha pili amehama. Nifanyeje? Baba Asiyelala, Morogoro."

Marahaba baba. Kama chumba kiko wazi, mwenye nyumba anatafuta mpangaji kiziwi, nina mtu.

Viatu hivyo navijua ndani nje. Kisiginoni kuna kifuko cha hewa na kifilimbi. Mtoto akigundua kwamba muziki uko kisiginoni, anaacha kutembea anaanza kupiga ngoma, na wewe uliyefikiri umemnunulia kiatu umemnunulia kazi ya usiku. Wapo wanaovisifu kwa sababu mtoto akipotea sokoni unamsikia. Kweli, ila unasikia na wengine ishirini, wote wa watu. Sherehe moja Magomeni niliwapanga watoto wenye viatu vya kulia watangulie mbele ya bibi harusi. Ilipendeza mno. Bendi ilisusa, ikasema nimeichukulia soko, na mpiga kinanda hanisalimii hadi kesho.

Tiba yangu ya kwanza ni kumnunulia kila mtoto wa mtaa kiatu kile kile, ili kelele isambae isijulikane inatoka wapi. Ukishindwa kwa gharama, ngoja alale, inua soli ya ndani, kama kifilimbi kimekaa hapo kitoe kwa koleo. Kisha kitupe mbali kweli kweli. Kitu kidogo namna ile kikiachwa sakafuni huishia mdomoni, na kutoka mdomoni kinaweza kukaba koo. Ndiyo hivyo hivyo kwa maua ya kubandika, vishanga na vifungo vya dhahabu ambavyo kina mama hunilazimisha niviite mtindo. Vivute kwa nguvu ukiwa bado dukani. Kikibanduka, mwachie mwenye duka vyote viwili, kiatu na ua lake. Taa iache, haijamdhuru mtu, na umeme ukikatika itakusaidia kutafuta kiberiti.

"Bi Gidamu, mimi ni bibi. Mjukuu wangu wa miezi 15 ana matege. Mwanangu ananilaumu kwa kumbeba kwa mbeleko. Kuna viatu vya kunyoosha? Bibi wa Tanga."

Mwenzangu, umri hukuutaja, kwa hiyo shikamoo naizuia mpaka nithibitishiwe nani anaamkiwa.

Mhariri ameshaanza kukohoa mlangoni, basi nasema haraka. Mbeleko haina kosa. Mapaja yakikaa yamepanuka mgongoni mwako, nyonga zinakaa pazuri. Matege ya umri huo ni ya kawaida, mara nyingi hunyooka kuelekea miaka miwili, kisha magoti hugeukia ndani karibu na miaka mitatu minne, mwanao ataanza kukulaumu upya, nayo yatajinyoosha kabla ya miaka saba au karibu na hapo. Kiatu cha kunyoosha hakuna, anayekuuzia anakunyoosha wewe. Ila akipita miaka miwili bado amepinda, au anazidi, au ni mguu mmoja tu, au anachechemea, mpelekeni hospitali wamwangalie mifupa na vitamini D, msisubiri toleo lijalo. Mimi mwenyewe nilikuwa na matege, na mapozi yangu yakaanzia hapo, wanaume wa Ilala walikuwa wanasimamisha baiskeli, lakini hiyo ni safu nzima na... ndiyo, mhariri, nimesikia. Chora mguu, ongeza kidole gumba, mnunulie makubazi mekundu ya kunata yaliyoshika kisigino, usinunue makubwa mno ukisema atakua nayo maana atajikwaa nayo kwanza, na kila baada ya miezi miwili mitatu mkague, kwa sababu kabla ya Maulidi mguu utakuwa umeshapita.