Namna ya Kulima Kalengera Bila Kuinama

Una shamba kijijini Kalengera, unaishi mjini Goma, na mvua za masika zimeingia. Simu zimeshaanza: maharagi yameota, magugu nayo yameota, watu wanauliza mwenye shamba yuko wapi. Usihuzunike, ndugu yangu. Jumamosi na Jumapili zinatosha kukupa sifa ya mkulima hodari na kukuachia mgongo mzima.

1. Fika Ijumaa jioni, tena ufike ukionekana. Umepita Kibumba, Rugari na Rumangabo, kwa hiyo uchovu wako utaaminika bila ushahidi. Shuka garini na jembe begani, hata kama nyumbani yamo matatu. Liwe jembe kuukuu. Mpini unaong'aa utakuumbua kabla hujamaliza salamu.

2. Jumamosi asubuhi kuna salongo. Usiikwepe! Kazi hii ya pamoja tuliyorithi zama za Mobutu ina kanuni moja: asiyeonekana hutajwa, anayeonekana haulizwi alifanya nini. Basi wahi kuliko hata kapita anayeisimamia. Salimia kila mtu kwa jina lake, ulizia watoto, ulizia mbuzi, ulizia goti la mzee. Kisha shika kamba. Mtaro wa maji ya mvua hauchimbwi bila mtu wa kuunyoosha, na mwenye kamba hachimbi: hufumba jicho moja na kusema, "Kulia. Kulia kidogo tena. Hapo hapo, papa." Ukikuta kamba imeshapata bwana, chukua panga, simama chini ya tawi lililoning'inia, ulitazame kama hakimu anayesubiri shahidi wa pili. Ila beleshi usiliguse. Likishaingia mkononi mwako, hutapata wa kukupokea mpaka watu watawanyike.

3. Sasa shamba lenyewe, na hapa elimu iko upande wako. Maharagi hayapaliliwi majani yakiwa yamelowa, kwa sababu anayepita katikati yake hubeba magonjwa ya majani kutoka shina moja hadi jingine. Sikutungii; muulize bwana shamba yeyote. Haya, niambie: mwezi wa nne, majani ya Kalengera hukauka saa ngapi? Asubuhi kuna umande. Alasiri kuna mvua. Katikati pana kinafasi cha jua, ambacho kwa bahati njema huangukia saa ya bugali na sombe. Wewe nenda ukingoni mwa shamba, gusa jani moja kwa ncha ya kidole, tikisa kichwa, sema, "Bado." Rudi kitini. Rudia zoezi hili kila anapopita mtu, na kufikia jioni utakuwa umejulikana kama mkulima mwangalifu kuliko wote kijijini.

4. Magugu yatang'olewa na vibarua. Walipe vizuri, na uwalipe siku hiyo hiyo; kibarua aliyepunjwa ana mdomo mrefu kuliko barabara ya Rutshuru. Waanze na mistari inayoonekana njiani. Ile ya ndani ingoje. Na msimu ujao panda yale maharagi yanayoparamia miti: yakishafika usawa wa kichwa, magugu yaliyo chini yake ni siri yako na Mungu.

5. Utahitaji kisingizio kimoja cha akiba. Mgongo unafaa, jino linafaa, mkutano wa ukoo unafaa sana. Vita usivitumie. Jirani yako huenda ni yule aliyekimbia mwaka 2022, akalala chini ya turubai kambini Kanyaruchinya, kisha akarudi akakuta shamba limekuwa pori na akalifyeka kwa mikono yake. Hatakubishia. Atakutazama tu, halafu ataendelea kulima, na hapo hakuna kamba ya kushika. Chagua jino.

6. Picha ipigwe mapema, kabla wingu halijaufunika Mikeno. Mlima wa mita 4,437 nyuma ya bega lako hufanya hata mtu aliyesimama tu aonekane ametoka kazini. Paka tope kwenye buti, moja zaidi ya jingine, maana tope la kweli halina usawa. Usitabasamu, mkulima hana muda huo. Tuma kwenye kundi la ukoo bila neno lolote. Wale wa Goma, ambao nyuani kwao jembe hugonga lava ya 2002, watakujibu kwa wivu mtupu.

7. Jumapili, baada ya misa, tembea na mikono nyuma. Mtafute bibi mzee anayelima jirani yako, muulize, "Mama, mvua hii unaionaje?" Sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu anajua. Kisha vuka njia, kaa na wazee penye pombe ya kasiksi, na useme maneno yale yale taratibu, ukitazama mawingu. Hakikisha tu kwamba mume wa bibi huyo hayuko kwenye benchi.

8. Kurudi mjini mikono mitupu ni kujiua, na maharagi yako bado hayajaiva. Nunua. Lakini nunua kwa akili! Wengi huvumilia njia nzima, wakifika Kibumba wanaona kabichi na karoti zimepangwa kando ya barabara, bei nzuri, wanajaza gari. Wanafika Goma, wanatangaza, "Mavuno ya Kalengera!" Mama mkwe anaigeuza kabichi mara moja tu. Mtoto wa mjini anaweza kudanganyika, yeye hapana: anajua kabichi hizo hutoka kwenye baridi ya Kibumba, na anajua pia kwamba huko kwako chini kuna joto na ndizi. Kwa hiyo chukua mkungu wa ndizi na mihogo huko huko Kalengera, udongo ukiwa bado kwenye mizizi. Uliza bei kwa sauti ya chini. Na kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji ni wa familia gani.