Pua Haina Kifuniko

Jicho likichoshwa na jambo linafumba. Mdomo wa mwenye adabu nao unafumba. Sikio halina kifuniko, nakubali, lakini hakuna aliyekufa kwa kusikia upuuzi. Ingekuwa hivyo, Bagamoyo pasingebaki mtu. Iliyoonewa ni pua. Imeachwa wazi usiku na mchana, na ukijaribu kuibana pamoja na mdomo, haupiti muda mwili unakuasi na kuvuta hewa kwa nguvu, iwe safi iwe chafu.

Nasema haya kwa sababu upepo wa bahari ukishavuka soko la samaki, kituo chake cha kwanza ni kwangu. Pale wanakaanga mfululizo baada ya mnada: karai pana jeusi, mafuta yaliyokwishaona vizazi vya samaki, kuni mbichi. Kibua akitumbukia anapiga kelele, moshi unanyanyuka, unatazama kushoto na kulia, kisha unakuja kwangu. Siku moja nilikwenda kulalamika kwa mama mmoja anayekaanga pale. Alipangusa kigoda kwa ncha ya khanga yake, akanisogezea. “Karibu baba, keti. Moshi hufuata wazuri.” Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nikanunua vibua.

Moshi nao ukishaingia haupigi hodi. Puani kuna nywele na ute wa kunasa vumbi, na hewa inapashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kuteremka. Ulinzi mzuri, ila unakamata punje kubwakubwa tu. Chembe ndogo za moshi zinapita, zinashuka koromeoni, zinavuka kongomeo inakotengenezwa sauti (ndiyo maana ikifika jioni naongea kama mnadi), zinaingia kwenye bomba la hewa, nalo linagawanyika matawi mawili. Tawi la kulia ni pana zaidi na limesimama wima zaidi, kwa hiyo mtu akipaliwa na korosho huku anacheka, mara nyingi korosho huangukia upande huo. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili tu, kwa kuwa limeambiwa liupishe moyo. Moyo! Huo nina maneno nao.

Mwisho wa njia ni vifuko vya hewa, milioni 300 na zaidi, vyenye kuta nyembamba ajabu. Huku hewa, huku damu. Oksijeni inaingia, hewa ya ukaa inatoka. Wanaojua wanasema ukivitandaza vyote chini unapata kama mita za mraba 70. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Kumbe nina eneo kifuani, limekaa bila hati, bila jiwe la mpaka, na kila mtu anamwaga takataka zake humo! Jirani wa kushoto anachoma majani ya mwembe pamoja na chupa za plastiki. Wa kulia, kila Alhamisi usiku anafukiza ubani mpaka mbu wake wote wanahamia kwangu. Bodaboda naye anasimama chini ya dirisha langu, anaunguruma, anamsubiri abiria ambaye bado anaoga.

Njia za hewa zina vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyosukuma ute na uchafu kurudi juu. Moshi unavilemaza. Vikipata nafuu usiku vinaanza kufagia, na alfajiri mimi nakohoa kuutoa uchafu wa mtaa mzima. Jirani yule mchoma plastiki ananiambia, “Shikamoo mzee, jana hatukulala kwa kikohozi chako.” Hawakulala wao!

Sasa moyo. Nyimbo zote za taarabu ni zake. Wanaupa maua, unavunjika, unaungwa. Mapafu yanapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia, nusu lita kila mara, zaidi ya mara 17,000 kwa siku hata ukiwa usingizini, na sijasikia ubeti mmoja.

Hata pale misheni ya hapa Bagamoyo ni hivyohivyo. Mwili wa mmisionari David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874 na watumishi wake akina Chuma na Susi, kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, katika Zambia ya leo. Kila mgeni anaelezwa habari za moyo wake uliozikwa kule chini ya mti. Asichoambiwa ni habari za Farijala, mmoja wa wenzao. Huyu aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, akajifunza kidogo namna maiti inavyopasuliwa, na ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuupasua mwili wa Livingstone. Shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka huohuo wa 1874, zinaeleza kwamba Farijala aliwaonyesha wenzake mapafu: yamekauka, yana mabaka meusi na meupe. Viungo vilivyotolewa vikatiwa kwenye kopo la bati lililokuwa la unga, vikafukiwa. Nilimwuliza kijana mmoja anayetembeza watalii mbona hawasimulii mapafu. “Mzee,” akanijibu, “wageni hawayaulizi.”

Serikali nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi. Nilikimbia na habari hiyo hadi sokoni. Yule mama alilitazama karai, akanitazama mimi. “Mtungi wa gesi kwa karai hili, baba? Nitauza samaki au nitauza nyumba?” Nikanunua vibua tena.

Mwishowe nilikwenda zahanati. Binti mmoja aliyevaa koti jeupe akaniwekea kipimo mgongoni, vuta pumzi, shusha, vuta. Akauliza kama navuta sigara. Nikamwambia sivuti, navutishwa.

“Basi mzee wangu, uhame ukae mbali na moshi.”

“Nihamie wapi?”

Akafikiri. “Msata?”

Msata! Yanakopita malori ya Tanga na Arusha usiku kucha, yakitema moshi mweusi. Nilimweleza hivyo, akaniandikia dawa. Nilipofika mlangoni akaniita, nikadhani amekumbuka kidonge kingine.

“Samahani mzee, kwa kuwa unakaa karibu na soko, kesho ukija nichukulie vibua. Wale wa kukaanga.”