Heshima kwa Daktari wa Kaunta

Rhamu hakuna duka la bunduki. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamtaka mnunuzi awe na cheti na muuzaji awe na leseni, kwa hiyo mtu wa Mandera Kaskazini anayetamani kupotoshwa kihalali na muuza bastola hana budi kupanda basi na kukata karibu kilomita 1000 hadi Nairobi. Wenyeji wengi hawaoni haja ya usumbufu huo. Wanaye mshauri wao palepale sokoni, nyuma ya kaunta ya agroveti, na bidhaa zake huua vilevile, tena bila mlio.

Nimekusudia kumsifu kijana huyu. Najua wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa hatuna hofu hiyo, kwani maji yalikwisha kutiwa kabla sifa hazijaanza.

Mtazame akiwa kazini, asubuhi ya siku ya soko la mifugo. Anaingia mzee mwenye ndevu za hina, bakora mkononi, vumbi la njia bado limo miguuni. Anaeleza bila haraka. Ngamia wake jike amekonda mpaka nundu imelala upande. Macho yanatoa machozi, homa inakuja na kuondoka, na nyasi anazila lakini hazionekani mwilini. Jana jioni mzee aliuchota mchanga uliolowa mkojo wa mnyama huyo, akaunusa, na pua ikampa jibu: dhukaan. Wafugaji wa kaskazini wameutambua ugonjwa huo kwa harufu tangu hadubini haijafika huku. Vitabu vya tiba vinauita surra, na kimelea chake, Trypanosoma evansi, hakimsubiri mbung'o. Nzi yeyote mkubwa aumaye hukibeba kutoka ngamia mmoja hadi mwingine, na karibu na Mto Daua, mvua ikinyesha, nzi hao hawahitaji mwaliko.

Kijana hajanusa kitu. Hajauliza umri wala uzito, hajauliza kama ngamia ana mimba au anakamuliwa. Ana swali moja tu, na tiba yote imejengwa juu yake: "Adeer, una shilingi ngapi?"

Mzee anataja. Mkono wa kijana unapanda rafuni, macho yakiwa bado kwenye simu, na unashuka na kichupa. "Hii, adeer. Hii ndiyo kiboko yao." "Una hakika, adeer?" anauliza mzee, maana kwa heshima ya huku mkubwa humrudishia mdogo jina lilelile la ami, na mpita njia akiwasikia kwa mbali hawezi kujua nani kati yao anamfundisha mwenzake. "Asilimia mia."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Kabete husoma miaka mitano, na wakihitimu bado husema "huenda", "tupime damu kwanza", "nitarudi kesho kumwona". Kijana wetu neno "huenda" halijapata kumtoka. Maabara anaiona kama anasa ya watu wasiojiamini.

Kichupa chenyewe kilikuwa cha diminazini, dawa nzuri kabisa kwa ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa mbung'o. Ngamia ni habari nyingine: mwili wake hauistahimili dawa hiyo, na kipimo ambacho ng'ombe hukipokea bila shida kinaweza kumlaza yeye asiinuke tena. Kwa dhukaan ya ngamia madaktari hutaja kwinapiramini, suramini au melasomini. Lakini hizo ni adimu na ni ghali, na zaidi ya hayo zinahitaji mtu aamini kwamba ngamia si ng'ombe mrefu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na kijana ameufikisha usawa huo hadi zizini: mbuzi, punda, ng'ombe na ngamia wote mbele yake ni sawa, na wote wanastahili kile kilichobaki rafuni.

Kuhusu ubanaji wa matumizi, sijaona wizara inayomfikia. Chukua ile sindano ya manjano, oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ambayo huku hutibu kikohozi, kuhara, kuchechemea, kukosa hamu ya kula na, nadhani, upweke. Lebo nyingi husema mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Ngamia mzima wa kilo 450 anadai mililita 45, zikigawanywa sehemu kadhaa za mwili ili nyama isiharibike. Kijana anaitazama noti ya mzee, anaitazama chupa, na anatoa hukumu: "Mpige kumi." Kumi hiyo inamtosha mnyama wa kilo 100. Ngamia amepewa kipimo cha ndama, mzee ameokoa mamia kadhaa ya shilingi, na kila mtu anaondoka ameridhika, pamoja na bakteria. Hao ndio wanufaika wakubwa. Dawa pungufu huua walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane, na msimu ujao kizazi kipya huja kimeshaizoea. Sisi wengine tulidhani chanjo ni za mifugo. Yeye amekuwa akiwachanja vijidudu miaka yote hii, wala hajawahi kudai shukrani.

Ukarimu wake unafika mpaka kwenye kikombe. Lebo ina mstari mdogo, wa herufi za kumtesa mzee, unaotaja siku ambazo maziwa hayafai kunywewa baada ya sindano. Kijana hausomi mstari huo kwa sauti. Kwa nini aharibu kifungua kinywa cha watu? Ngamia anachomwa jioni, asubuhi anakamuliwa, na nyumba nzima, kuanzia bibi hadi mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, inapata antibiotiki kidogo kwenye chai bila kupanga foleni zahanati. Nimesikia viongozi wakiahidi afya kwa wote. Huyu aliitekeleza bila ahadi.

Nisisahau upishi. Chupa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Rhamu mwezi wa Machi jua hupita nyuzi 35 bila kuomba radhi, na paa la duka ni mabati. Zile chupa zilizopangwa mbele, pale jua linapopiga ili wateja wazione, zimeiva vizuri.

Sasa, wapo wanaosema heri muuza bunduki. Hoja yao ina uzito, na sitaki kuificha. Baada ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, soko la Bakaara mjini Mogadishu lilikuwa na upande wa silaha ulioitwa Cir Toogte, yaani mpiga mbingu, kwa sababu mnunuzi alikuwa akijaribu bidhaa kwa kufyatua risasi juu kabla ya kutoa hela. Muuzaji wa pale aliposema bunduki ni nzima, uongo wake ulidumu muda wa kuvuta kilimi. Biashara haramu na ya kutisha, ndiyo, lakini ilikuwa na mizani yake. Mshauri wetu yuko juu ya mizani yoyote. Ngamia akipona, "Si nilikwambia, adeer?" Akifa, "Ulichelewa kuja." Akidhoofu bila kufa, dawa inafanya kazi polepole, na mzee anauziwa chupa ya pili. Hakuna siku ambayo kijana amekosea, wala haiwezi kutokea, na ngamia anayeweza kuuzwa zaidi ya shilingi 100,000 amekuwa ndiye shabaha ya majaribio kwa gharama za mwenyewe.

Sheria inamjua, msidhani haimjui. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na kanuni za 2015 za Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, zinataka dawa hizi ziuzwe chini ya macho ya mtaalamu aliyesajiliwa. Macho hayo nimeyaona. Yako kwenye picha ndogo ya cheti kilichotundikwa ukutani, na mwenye picha, kwa maelezo ya kijana, "yuko safarini".

Nikimsifu peke yake, hata hivyo, nitakuwa nimewadhulumu waliompa kazi. Hadi miaka ya mwisho ya 1980 serikali ilikuwa ikiwaajiri madaktari wa mifugo moja kwa moja wakihitimu. Kisha ikaja hekima ya kubinafsisha: huduma iachiwe soko, na daktari ajitafutie wateja. Daktari mwenye akili akajitafutia mahali penye ng'ombe wa maziwa, barabara ya lami na umeme. Soko likaleta huku kile ambacho soko huleta mahali pa mbali, yaani rafu na kijana. Miaka ya 1990 mashirika yaliwafundisha wafugaji wachache kuwa wahudumu wa afya ya mifugo vijijini, watu waliotembea na makundi na kujua dawa chache vizuri. Sheria haikuwatambua kamwe. Mwaka 2013 afya ya mifugo ikakabidhiwa kaunti, na mfugaji angali anasubiri kuona tofauti kwenye kaunta ile.

Inauma zaidi ukikumbuka kilichowahi kuwezekana katika nchi hii hii kavu. Sotoka, tauni iliyofagia ng'ombe wa Afrika karne nzima, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, na ngome yake ya mwisho ilikuwa eneo la wafugaji wa Kisomali linalovuka mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Mara ya mwisho ilionekana kwa nyati wa Mbuga ya Meru, 2001. Chanjo iliyostahimili joto ilisaidia, na wachanjaji waliokubali kutembea. Lakini ilisaidia pia kwamba wataalamu waliketi na wazee kama huyu wa bakora, wakawauliza ugonjwa ulionekana wapi na lini, wakaandika majibu. Pua ya mzee ilihesabiwa kuwa kifaa cha kazi.

Na sasa sifa moja isiyo na kejeli. Kijana yupo. Alfajiri yupo, sikukuu yupo. Ukame ule wa misimu mitano mfululizo mvua ikikosa, kuanzia mwisho wa 2020, watu walikopa kwenye daftari lake wakati mizoga imepangana kando ya njia, na hakuna ofisi niijuayo iliyokuwa na daftari la namna hiyo. Ukimpigia simu anapokea. Anaijua lugha ya mzee, anaijua jamaa yake, na hajawahi kumwambia arudi Jumatatu. Ushauri mbaya unaopatikana umeushinda ushauri mzuri ulio safarini, na sioni ajabu.

Kwa hiyo napendekeza apewe nishani Siku ya Jamhuri, na siku hiyohiyo kaunti imlete Rhamu daktari mmoja anayelala Rhamu, na kijana apelekwe chuo akasomee cheti chenye picha yake mwenyewe. Hadi hapo, wewe uliyesimama mbele ya kaunta ukiwa na hela mkononi, mwambie akusomee lebo yote kwa sauti: mnyama gani, kilo ngapi, maziwa yakae siku ngapi. Kama ngamia hatajwi humo, rudisha hela mfukoni na umtafute mwenye cheti, hata kwa simu.