Sita kutoka Mji Kasoro Bahari

Morogoro ina kila kitu isipokuwa bahari, na mara nyingi haina habari na ilichonacho. Sasa wataalamu wanasema nishati safi ya dunia itategemea sana vitu vya kipimo cha nanomita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo miwani iache mfukoni, haitakusaidia. Hivi hapa sita, na tunaanzia mkiani.

6. Paneli za peroviskaiti
Zilianza Japani mwaka 2009 zikigeuza chini ya asilimia 4 ya mwanga kuwa umeme. Leo, maabarani, zimevuka asilimia 25. Tabaka la peroviskaiti ni la nanomita mia chache tu na linaweza kupakwa kama wino. Tatizo ni kwamba linaogopa unyevu, na mashariki ya Uluguru, Kinole na jirani zake, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Karibu mgeni, ila njoo na mwavuli.

5. Jani la magimbi
Huyu hakusoma popote. Shuka kijitoni Matombo, dondoshea tone la maji kwenye jani la magimbi. Linajikusanya kuwa gololi, linabingirika hadi ukingoni na kuondoka na vumbi, jani linabaki kavu. Siri ni vinundu vya nta vya kipimo cha nano vinavyolinyima tone pa kushika. Watafiti wanaiga ujanja huo kwa vioo vya paneli vinavyojisafisha, maana vumbi hula umeme. Wao wanakimbilia hataza. Gimbi halijawahi kukanyaga BRELA kusajili chochote. Kwa sasa kijana anayepandishwa juu ya bati na tambara bado ana kazi yake.

4. Ubuluu wa paneli
Si ushabiki wa Azam. Silikoni tupu hurudisha kama theluthi ya mwanga unaoiangukia. Ikipakwa utando wa nitraidi ya silikoni wa nanomita 75 hivi, mwanga mwingi unazama ndani. Nano unayo juu ya bati siku zote, na fundi hakukutoza hata senti ya jina hilo.

3. Pumba za Kilombero
Mchele wa Ifakara unajulikana hadi Dar. Pumba zake zinajulikana kwa moshi. Mpunga hunyonya silika udongoni na kuiweka kwenye ganda, ikafika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, tena katika chembe za nano ambazo hakuna aliyezisaga. Mwaka 2013 watafiti walionyesha jinsi ya kuigeuza kuwa silikoni ya betri za lithiamu. Silikoni huvimba vibaya ikichajiwa. Vipande vikubwa hupasuka, vya nano huvumilia. Vijana wa mashineni, msiuchome mlima wote.

2. Kitaa cha muuza mayai
Pita Msamvu usiku. Beseni la mayai ya kuchemsha, kachumbari, na kitaa kimoja cha LED. Ndani ya kitone hicho mna matabaka ya nitraidi ya galiamu, mengine ya nanomita chache tu, ambamo umeme hugeuka mwanga wa bluu. Unga wa njano uliopakwa juu ndio unaofanya tuuone mweupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipata Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa bluu hiyo. Mimi ningewapa kwa ajili ya kachumbari, ambayo hatimaye hainuki mafuta ya taa. Huko milimani, ambako nguzo za TANESCO hupanda zikihema, kitaa hiki kilishaanza kumtimua koroboi zamani. Hakuna balozi wa nano anayemzidi muuza mayai, na sijasikia akialikwa kwenye kongamano.

1. Kinywe cha Mahenge
Kinywe, yaani grafiti, kimelala ardhini huko Ulanga, mkoani humuhumu, na ukikishika kinakupaka mikono weusi. Ni matabaka ya kaboni yaliyoachana kwa theluthi moja ya nanomita. Simu yako ikichajiwa, lithiamu hujipenyeza katikati ya matabaka hayo na kulala; ukipiga porojo, inatoka. Mwaka 2004, Manchester, Geim na Novoselov walibandua tabaka moja tupu, grafini, kwa selotepu, wakapata Nobeli mwaka 2010. Selotepu! Duka lolote la Mji Mpya linauza.

Tulichokosa ni kiwanda. Kinywe cha betri lazima kisafishwe hadi kupita asilimia 99.9 na kuviringishwa, na kazi hiyo karibu yote hufanyika China. Hapa utani unanikauka kidogo. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mkaa wa Kilosa bado unakwenda Dar kwa magunia. Kitaa cha muuza mayai hakiivishi maharage. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, sufuria nyingi sana hizo. Kazi ni kuufikisha umeme Nyandira, na kuwa na akiba siku nguzo inapoanguka. Akiba ni betri, na betri nyingi zina kinywe tumboni.

Kwa hiyo kinywe kikipita Ifakara kwenda bandarini, mtu akiandikie anwani ya kurudi. Tutakikuta dukani Msamvu kimeshaviringishwa, na muuzaji atatuambia bei haipungui, bosi wangu, hii ni mali ya nje.