Maadmirali wa Sinema

Jamani, maadmirali wa sinema za anga za juu! Manowari injini inawaka kama tanuri, nje baridi inakaribia nyuzi 270 chini ya sifuri, hakuna kilima wala kichaka, halafu eti inamvizia adui. Joto lake lingeonekana kutoka mamilioni ya kilomita. Na adui mwenyewe, maskini, anachungulia dirishani.

Wangepita Ntimaru kwanza, kule mpakani mwa Kenya na Tanzania, wakafundwe kuvizia. Mwizi wa ng'ombe hutanguliza mtu mchana, anajifanya kuulizia bei ya mahindi, kumbe anahesabu mbwa. Usiku hungoja mvua ifute nyayo; alfajiri mifugo iko upande wa Tarime, Tanzania. Mwenye mali naye hahitaji rada. Huinama njiani, akagusa kinyesi, akajua wamepita saa ngapi.