Jinsi ya Kuhangaika Kitaalamu Ukiwa Suneka

Wakazi wa Suneka mna kila kitu: barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, soko, hata uwanja mdogo wa ndege. Kwa sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 958 kwa kila kilomita mraba, kwa hiyo hamkosi wa kuhangaika naye. Tatizo ni kwamba wengi mnahangaika ovyo, bila mpango. Fuateni hatua hizi.

1. Chagua jana yenye uzito. Achana na nauli uliyozidishiwa na mtu wa boda. Anza na shamba. Babu aliuza kipande kile cha kando ya lami zamani, lami ikiwa haijulikani hata itapita wapi. Kila ukipita hapo, piga hesabu ya bei yake ya leo. Hesabu ikikuzoea, jenga nyumba za kupangisha kichwani, kisha ukasirikie wapangaji wanaochelewesha kodi. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, lakini wahenga hawakuwa na shamba Suneka. Shamba likiisha, rudi hadi 1908, mpiganaji Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, mkuu wa Waingereza hapa Gusii, naye akapona. Tafuta namna ya kujilaumu kwa hilo pia.

2. Igawe kesho mapema. Una nusu eka na wavulana watatu. Gawanya kwa tatu, kisha kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, mpaka kila mmoja abaki na mahali pa kusimamia mguu mmoja. Ukidhani umemaliza, kumbuka kwamba sheria ya urithi inawatambua na mabinti. Hapo umejipatia usiku wa pili wa kukesha.

3. Zingatia saa. Saa nane ya usiku ndiyo bora: ofisi zote zimefungwa, hivyo hakuna hatari ya kutatua chochote. Jihadhari na Wamarekani. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliwaelekeza watu wenye wasiwasi watenge nusu saa kila siku, saa ileile na mahali palepale, wahangaike humo tu. Wasiwasi ukija saa nyingine uahirishwe. Wasiwasi wao ulipungua. Hebu fikiria hasara hiyo!

4. Usihangaike peke yako. Mwenzio akikusalimu sokoni "Bwakire buya", usimjibu kwamba umeamka salama. Mjibu kwa karo. Karo ikiisha, mjibu kwa mitihani. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023, na wazazi waliozoea kuuogopa wangebaki bila kazi kama mtaala mpya usingewaokoa. Mpe mwenzio hofu yako, upokee yake, kila mtu aende nyumbani na mbili.

5. Epuka kazi inayofanyika leo. Hii ndiyo hatua ngumu, na wengi huangukia hapa. Hofu ya jana haina jembe, na ya kesho haina pia. Ndiyo maana zote mbili hudumu. Lakini hati ya shamba lililobaki bado ina jina la babu, na karibu hofu zote za hatua ya pili zimejibanza humo. Kuna watu huamka, wakachukua barua kwa chifu, wakaita ndugu na dada kikao, wakaenda mahakamani kufungua kesi ya urithi. Jioni huonekana wakipalilia migomba na kula managu kwa hamu, hawana habari na saa nane ya usiku. Usifuatane nao.

Ikitokea umeteleza, ukajikuta Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya chifu na cheti cha kifo cha babu mkononi, usikate tamaa. Kesi za urithi huchukua muda. Utapata nafasi ya kutosha kuhangaika ukiingoja yako, ila itakubidi uhangaike huku mambo yakienda mbele.