Barua ya wazi kwa TAMISEMI: Hongera kwa Motisha ya Kuandika Mara Mbili

Mheshimiwa Waziri wa Nchi unayeshughulikia TAMISEMI, pokea pongezi kutoka Babati. Mwaka 2009 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa madaktari ili wakubali kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Aliyetibu wazee wa bima ya Medicare aliweza kuvuna hadi dola 44,000. Aliyekaidi alianza kukatwa malipo mwaka 2015. Ofisi yako haikuhitaji gharama hizo. Imeishusha GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, hadi kwenye zahanati kwa waraka tu, na motisha ikabuniwa papo hapo: mgonjwa mmoja, aandikwe mara mbili. Mtoto mwenye homa anaingizwa kwenye mfumo jina, umri, kijiji na majibu ya kipimo cha malaria. Kisha yote hayo yanahamishiwa kwa kalamu kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, yaani rejista ya wagonjwa wa nje, na kijistari kimoja kinachorwa kwenye karatasi ya tali. Mwisho wa mwezi vijistari vinahesabiwa na jumla kupelekwa DHIS2, hifadhi ya taifa ya takwimu za afya, ambayo nayo, usishangae, ni kompyuta.

Najua utetezi: umeme na mtandao hukatika, hivyo kitabu ni akiba. Sawa kabisa, lakini mwenye jenereta haliwashi wakati umeme upo. Kitabu kifunguliwe siku ya giza. Wengine watasema rekodi mbili husaidia ukaguzi. Kwa kweli zikipishana, na mchovu akiandika saa kumi jioni lazima zipishane, mkaguzi hubaki na idadi mbili za malaria na uhuru wa kuchagua anayoipenda.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mtumishi ana mshahara, alipwe nini tena? Hapo tuko pamoja, wala siombi dola. Marekani ilimwaga mabilioni, ikapata kompyuta tele na mifumo ya hospitali isiyosomana, huku madaktari wakilalamika kwamba jioni zao zimemezwa na kuchapa. Fedha hununua mashine. Kinachomfanya mtu aipende ni kumpunguzia kazi. Basi kituo ambacho takwimu zake za mfumo na za kitabu zimelingana kwa miezi mitatu kiruhusiwe kukifunga kitabu, na fedha ya kuchapisha rejista zake inunue betri za sola. Motisha hiyo haihitaji semina wala posho, jambo ambalo huenda ndilo kikwazo chake kikubwa.

Tunasubiri waraka. Tafadhali uje kwa nakala moja.